Wapagazi wa Bwana Mashimo

Akoth hakutaka kwenda. Hilo lieleweke mapema, maana baadaye watu wa nyumba za reli pale Nakuru walisema mengi, eti alijipeleka mwenyewe, eti alikuwa na lake analolitafuta. Anatafuta nini? Alikuwa na beseni la nguo mbele yake na mtoto mwenye mafua mgongoni. Aliyemvuta ni Nanyama, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mbukusu mwenye mwili na mdomo, ambaye mwaka huo alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Nanyama akishaamua safari, huna pa kujificha.

"Utakufa umeshika sabuni," alimwambia. "Twende ukaone dunia. Lori lenyewe ni la bure."

"Dunia gani hiyo iko Ndabibi?"

"Dunia ya zamani. Kuna Mzungu ameijenga upya."

Na kweli alikuwa ameijenga. Mzungu huyo alikuwa na shamba huko Ndabibi, upande wa magharibi wa ziwa Naivasha, na jina lake halisi hakuna mfanyakazi aliyehangaika nalo. Walimwita Bwana Mashimo, kwa sababu tangu atoke vitani hakufanya kazi nyingine ila kuchimba. Ngano yake iliota magugu, ng'ombe wake wakakonda, yeye yumo shimoni na brashi ya rangi, anapangusa udongo. Alikuwa anatafuta boma la misafara lililokuwa hapo kabla ya reli, mahali ambapo wafanyabiashara walinunua pembe na chakula, wakalala nyuma ya ua wa miiba huku wamekumbatia bunduki zao. Alipoliona hakuliacha lilale. Alitafuta tundu la kila nguzo ya zamani, jeusi ndani ya udongo, akasimamisha nguzo mpya mlemle.

Sasa mimi nakuuliza, mtu mwenye akili zake atafanya hivyo? Boma likihamwa huachiwa nyasi. Wajaluo wanaliita gunda, na hata ng'ombe ukimpitisha hapo unamswaga haraka. Lakini nani angemwambia Mzungu, tena mwaka wa hamsini na saba, watu bado wanatembea na pasi ya serikali mfukoni na hali ya hatari haijaondolewa? Wenzao wa kanisa, akina Wanjugu, hata kwenye lori hawakupanda, kwa sababu Mkikuyu, ambaye serikali ilimshuku kila aendako, kwenda Naivasha kutalii ilikuwa ni kutafuta kamba ya kujifunga. Benchi zao zilibaki wazi, na wanawake waliokwenda waliimba tenzi kwa sauti kubwa ili wasizitazame.

Langoni walipokewa na Kimaiyo, nyapara wa shamba, kijana wa Kipsigis aliyevaa kaki iliyopigwa pasi mpaka ikakaa wima. Aliwakaribisha vizuri, kisha akainua kidole.

"Akina mama, jambo moja tu. Hao mtakaowakuta ndani msiwasalimu. Hawatawajibu. Hao ni watu wa zamani, na ninyi bado hamjazaliwa. Sasa mtu atamjibu vipi mtu ambaye hajazaliwa?"

"Ebo!" Nanyama alijishika kiuno. "Mimi na mwili huu wote, sijazaliwa?"

Walicheka sana. Walicheka mpaka walipopita lango, na hapo kicheko kikakatika bila mtu kukikataza.

Kulikuwa kimya, lakini si kimya cha mahali patupu, maana watu walikuwepo, tena wengi, na kila mmoja na kazi yake. Mama mmoja alisaga wimbi kwenye jiwe lililochimbwa humohumo, lililolika katikati kwa mikono ya watu ambao hakuna anayejua walikozikwa. Wanaume wawili walikunja vitambaa vya merikani. Mwingine alisugua mizunguko ya waya wa shaba kwa mchanga. Askari mwenye gobori alisimama juu ya kichuguu, amekodolea macho nyika, kana kwamba kuna kitu huko kinakuja. Hakuna aliyeinua uso. Na usidhani ni ile haya ya mfanyakazi mbele ya mgeni. Macho yao yalikupitia, yakaenda kutua kwenye kitu kilicho nyuma yako, mpaka wewe mwenyewe ukageuka kutazama kuna nini.

Adoyo, binti wa Akoth, ambaye sasa alikuwa ameshushwa mgongoni, alimpungia mkono yule mama wa wimbi. Jiwe liliendelea kusaga.

"Mama, hawatuoni?"

"Wanatuona. Wamekatazwa tu."

"Na yule mbwa naye amekatazwa?"

Akoth alimtazama mbwa aliyelala kivulini. Mbwa hakubweka wala hakuinua kichwa, na wanawake walikuwa wamempita karibu wamkanyage mkia. Akoth akamshika mtoto mkono.

Nanyama hakuweza kuvumilia. Alimvuta Kimaiyo kando, akamnong'oneza, na mnong'ono wa Nanyama ulisikika boma zima. "Hawa watu mmewatoa wapi, baba?"

"Bwana huwachagua mwenyewe," Kimaiyo alisema, na alisema kwa majivuno. "Haajiri mtu mwenye kwao. Mtu mwenye kwao kila mara anaomba ruhusa, mara matanga, mara shangazi anaumwa. Hawa hakuna anayewatafuta. Wanakaa humuhumu."

"Hakuna hata mmoja mwenye kwao?"

"Hakuna."

Nanyama akasema "Mungu wangu," na kwa mara ya kwanza siku hiyo akakosa la kuongeza.

Walikuwa wamefika mbele ya ghala. Hapo wapagazi walikuwa wanafunga mizigo, wameketi kwa mstari, kila mtu na bunda lake la shanga au la kitambaa. Akoth alikuwa anamkamua Adoyo kamasi kwa ncha ya leso aliposikia kofi. Mpagazi wa mwisho kwenye mstari alikuwa amekaza kamba kwa goti, akaifunga, kisha akaupiga mzigo kwa kiganja, pah, kama mtu anayemwambia ng'ombe asimame akamuliwe. Akoth akaiachia leso. Aliwahi kumcheka mtu mmoja kwa jambo hilo, mtu ambaye hakuweza kufunga hata kifurushi cha sukari bila kukipiga kofi.

Akamtazama usoni. Nywele zilikuwa zimeingia mvi na shavu moja lilikuwa na kovu ambalo Akoth hakulijua. Lakini ni Ogola. Ogola mumewe, aliyekufa.

Naomba nieleze, ili tusipoteane. Akoth aliolewa na Ogola kule Alego, na hawakukaa pamoja hata mavuno mawili kabla ya vita kumchukua. Hawakuwa wamepata mtoto. Kisha chifu akaja na habari kwamba meli imezama na wanajeshi wote ndani yake. Mwili haukuwepo, na wazee wakafanya kama inavyofanywa kwa mtu aliyepotelea mbali: walitwaa yago, lile tunda refu na zito la mwegea, wakalifunga blanketi, wakalichimbia kaburi, wakalilia na kunyoa nywele. Yago likishazikwa, mtu amezikwa. Hakuna nusu hapo. Akoth akawa mjane, na Odero, mdogo wake Ogola, akamtunza kama desturi inavyotaka, akamleta Nakuru alikochochea makaa kwenye garimoshi. Watoto watatu walizaliwa. Na watoto hao, kwa Wajaluo, si wa Odero. Ndugu anazaa, lakini mbegu inahesabiwa ya marehemu, na jina ni la marehemu. Wote watatu waliitwa watoto wa Ogola, na Odero hakuona vibaya, maana ndivyo ndugu anavyomfanyia ndugu.

Kitu kimoja tu hakikukaa sawa. Mjane hutazamiwa amwote mumewe kabla ya kutoka msibani, ndipo ijulikane kwamba marehemu amemwachilia. Akoth hakumwota. Mama mkwe alimuuliza kila asubuhi, kila asubuhi hakuna, mpaka bibi huyo akachoka, akasema palizi haimngojei mtu asinzie. Miaka yote hiyo Akoth aliamini Ogola amemkasirikia huko aliko.

Huko aliko! Kumbe yuko Ndabibi, anafunga shanga.

Au hayuko. Hilo ndilo lililomtisha Akoth. Mahali ambapo Mzungu amefukua watu wa kale na kuwapa nguzo zao, nani atasema ni yupi wa mshahara na ni yupi wa shimoni? Alitazama chini kama yule mtu ana kivuli. Jua lilikuwa la utosini, hakuna aliyekuwa na kivuli cha maana.

Kengele ikalia. Watu wa zamani wakaweka kazi zao chini wote kwa pamoja, wakainuka, wakaelekea nyuma ya ghala kula. Kimaiyo aliwageuza wageni upande mwingine kuwaonyesha pembe za ndovu, zilizochongwa kwa mti na kupakwa chokaa, na Nanyama, ambaye mdomo wake ulikuwa umerudi, alianza kubishana naye kwamba ndovu gani huyo mwenye pembe zilizonyooka. Akoth alimshika Adoyo mkono, akapita pembeni ya ukuta wa udongo.

Nyuma ya ghala walikuwa wamekaa chini, wanakula bila kuongea. Hata hapo! Kengele imeshawapa ruhusa, Mzungu hayupo, na bado kila mtu anatazama sahani yake. Ogola alikaa mbali kidogo na wenzake. Akoth alisimama mbele yake.

"Kama wewe ni mzuka," alisema kwa Kijaluo, "niambie nikimbie na mtoto wangu."

Yule mtu alimaliza kutafuna. "Mzuka hali maharagwe, nyar Gem."

Nyar Gem, binti wa Gem, ndivyo mke aitwavyo nyumbani alikoolewa, kwa jina la kwao. Sauti ilikuwa ileile. Akoth alikuwa amejiandaa kupiga mayowe, lakini mkono ulitangulia. Alimzaba kofi moja la nguvu, sahani ikaanguka, na shavu alilolipiga lilikuwa na moto wa mtu aliye hai. Ndipo akakaa chini palepale vumbini, akalia.

Wale wengine hawakugeuza hata shingo.

"Nilirudi," Ogola alisema, anaokota maharagwe moja moja kutoka chini na kuyarudisha kwenye sahani, ili mikono ipate kazi. "Meli nyingine ilituokota watu wachache. Nikaugua kichwa kule Bombay, sikujua hata jina langu. Lakini nilirudi. Nilifika Alego asubuhi, nikapitia nyuma ya boma ili nikushtue. Nikaona kaburi. Nikawaza, nani huyu amekufa bila mimi kujua? Nikasogea. Nikasoma msalaba."

"Ogola..."

"Nikakuona umeketi mlangoni kwa Odero, mtoto yuko titini. Jua limekupiga usoni. Ulikuwa unacheka na huyo mtoto."

"Ungeniita!"

"Ningeita nani? Mjane wangu?" Alicheka kidogo. "Kisimani nilikutana na bibi mmoja, akatupa mtungi, akakimbia anapiga unyende. Wakati huo nikaelewa. Nikarudi njia niliyojia. Nimefanya kazi mashamba mengi, na kila shamba watu wanauliza, wewe wa nani, kwenu wapi. Hapa hakuna anayeuliza. Hapa nalipwa kuwa mfu, na hiyo kazi naijua."

Akoth alifuta uso kwa viganja vyote viwili. Alikuwa mwanamke wa vitendo, na akili yake ilikuwa imeshaanza kupanga. "Sikiliza. Odero ni mtu mwema, atalia lakini ataelewa. Wazee watachinja. Watakutobolea ua uingie kwa nyuma, watakuosha dawa, hilo kaburi watalifukua watoe lile tunda. Yametokea kwa wengine. Lori lina nafasi. Twende leo."

"Unanitaka?"

"Nakutaka," Akoth alisema, na hakuona aibu kulisema mbele ya mtoto na mbele ya wale walao. "Sijawahi kuacha kukutaka. Odero ananitunza, sina neno baya juu yake. Lakini wewe ndiye niliyekutaka."

Ogola alifumba macho. Kisha akauliza polepole, "Yule mtoto niliyemwona titini. Ni wa nani?"

"Wako," Akoth alijibu bila kufikiri. "Yule mkubwa, na anayemfuata, na huyu. Kanisani wameandikwa wa Ogola, shuleni wa Ogola. Kila mtu anajua."

"Kwa sababu nimekufa."

"Kwa sababu..."

"Fikiri, nyar Gem. Nikishuka kwenye lori hilo kwa miguu yangu, watoto hao ni wa nani?"

Akoth alimtazama Adoyo. Mjane akitunzwa na shemeji ni heshima, hakuna anayemnyooshea kidole. Lakini mke wa mtu aliye hai kuzaa na mdogo wa mumewe, hiyo ni najisi, hiyo ni chira, laana inayokausha watoto mmoja baada ya mwingine, na wazee hawana dhabihu ya kuwarudisha tumboni wazaliwe upya. Wangemwosha Ogola, sawa. Odero na Akoth wangeoshwa pia. Na watoto je? Wangeitwa nini, na nani angekubali kuoa kwao?

"Nikiwa mfu nina watoto watatu," Ogola alisema. "Nikiwa hai sina hata mmoja."

Akoth alitafuta neno la kumjibu. Alilitafuta kwa hasira, kwa nguvu, aligeuza kila alilofundishwa na nyanya zake, na kila alipogeuza alikuta mtu huyu ameshapita hapo kabla yake, peke yake, miaka yote hii. Alimchukia kwa hilo. Alimshika kifundo cha mkono, akahisi mishipa inapiga, akamshikilia kwa nguvu mpaka kucha zikaacha alama.

Kengele ikalia tena. Watu wa zamani wakainuka. Ogola akaulegeza mkono wa Akoth kidole kwa kidole, akasimama, akajipangusa vumbi. Lakini hakuwafuata wenzake mara moja. Alichuchumaa mbele ya Adoyo, ambaye muda wote alikuwa amejificha nyuma ya leso ya mama yake, ananyonya kidole.

"Wewe ni binti wa nani?"

"Wa Ogola," Adoyo alisema upesi, maana hilo watoto walifundishwa kabla ya kufundishwa kuosha uso.

"Na huyo Ogola yuko wapi?"

"Alikufa. Kaburi lake liko Alego. Tukienda huwa tunang'oa nyasi."

"Mnang'oa vizuri?"

"Vizuri sana. Mimi nang'oa upande wa kichwa."

"Asante," Ogola alisema. "Endelea hivyo hivyo."

Akamgusa mtoto kwenye paji la uso kwa ncha ya kidole, mguso mdogo tu, akasimama. Akamtazama Akoth mara moja. Halafu Akoth akayaona macho yale yanaondoka, hapo hapo, mtu akiwa bado amesimama mbele yake. Yalimpitia yakaenda kutua mbali, na Ogola akazunguka ukuta kurudi kwenye mizigo.

Nanyama alimkuta Akoth amekaa vumbini, akadhani ni jua. Alimnyanyua, akamwagia maji kichwani, akamgombeza kwa kuzurura na mtoto mgonjwa. Njia ya kwenda langoni ilipita mbele ya ghala. Akoth aliipita kichwa kimeinama. Alisikia kofi moja likipigwa juu ya mzigo, na hakugeuka, na hakuna jambo gumu kuliko hilo alilowahi kulifanya.

Lori lilipanda kutoka ziwani likashika barabara ya Nakuru. Wanawake walianza wimbo wa kurudia nyumbani. Katikati ya ubeti wa kwanza Akoth alifungua kitambaa cha kichwa, akasimama kwenye lori linalotikisika, akaweka mikono kichwani, akapiga kilio. Hakikuwa kilio cha kuumwa. Kilikuwa kile cha mjane mlangoni, kirefu, chenye jina ndani yake.

"We Akoth!" Nanyama alimdaka kiuno asianguke. "Una nini? Umefiwa?"

"Nimefiwa."

"Na nani?"

"Na mume wangu."

"Odero? Nani amekuletea habari, sisi tuko porini?"

"Si Odero."

Nanyama alifikiri, na uso wake mpana ukabadilika. "Yule wa vita? Lakini dada yangu, huyo alikufa zamani."

"Leo," Akoth alisema. "Amekufa leo."

Mtu mwingine angembishia. Nanyama alikuwa na maswali tele, na Mungu anajua aliyauliza yote baadaye, bila kujibiwa. Lakini kwa Wabukusu kama kwa Wajaluo, mwanamke akilia mume haachwi alie peke yake. Alijifunga leso kiunoni, akafuta pua, akapokea kilio pale Akoth alipokomea, na wengine wakakipokea kutoka kwake, benchi kwa benchi, wakimlilia mtu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemfahamu.

Hivyo ndivyo lori la akina mama wa kanisa lilivyopita Gilgil alasiri ile. Watu waliokuwa kando ya barabara walivua kofia, wenye baiskeli wakateremka. Walinyoosha shingo kutafuta jeneza, na lori likapita mbele yao lote, na jeneza hawakuliona.